Kipande cha Anifa

Usiku ule nililala na hasira, na mtu akilala na hasira asitegemee ndoto njema. Jioni yake nilikuwa nimegombana na Kulwa dukani kwangu, tukarushiana maneno mpaka majirani wakatoa vichwa kuchungulia. Chanzo chenyewe kitabu. Ngoja nieleze kwanza, maana nikianza moja kwa moja na ndoto mtaniona nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, nashona sare za shule. Navalisha watoto wa watu waende darasani, na mwenyewe mtihani wa kidato cha sita uliniangusha. Nikaapa nitaurudia, kwa sababu nataka kwenda chuo cha ualimu na sitaki kuzeekea kwenye vifungo vya mashati. Tulikuwa watatu tunaojiandaa pamoja: mimi, Kulwa, ambaye ni mlinzi wa ghala la tumbaku, na Anifa, rafiki yangu tangu tunacheza kombolela. Kila Jumapili tulikutana chumba cha nyuma ya duka, tukasogeza vitambaa pembeni, tukasoma.

Katika vitabu vya fasihi ilikuwamo riwaya moja ya vita vya zamani. Boma la mtemi limezingirwa na askari wa kigeni. Ndani kuna njaa, kisima kinakauka, na kuna mtu anayepeleka habari nje. Riwaya yenyewe nene kama tofali, na mjini tulipata nakala moja tu. Nyingine zinakuja, zinakuja, tukangoja mpaka tukachoka. Basi tukafanya wanavyofanya wanafunzi wasio na kitu: tukagawana. Kila mtu asome kipande chake, Jumapili awasimulie wenzake. Anifa akashika kitabu, Kulwa akashika taa, mimi nikashika mkasi. Mkasi wa kitambaa, jamani! Fundi yeyote atakwambia mkasi wa kitambaa haugusi karatasi, unakufa makali. Lakini wembe haukuwepo, na mimi kungoja sikujaaliwa. Nikakata. Kisha nikavipitisha vile vipande kwenye cherehani, kwa sindano ya kushonea jinzi, kila kimoja na uzi wake. Kulwa alichukua mwanzo, uzi mweusi. Mimi mwisho, uzi mweupe. Anifa akabaki na katikati, uzi mwekundu. Tukawekeana sharti kwamba hakuna kuonja kipande cha mwenzio.

Kulwa alisimulia mwanzo kama mtu anayeandikisha taarifa polisi. Lakini Anifa, lo! Anifa alikuwa anasimama, anakuwa askari, anakuwa mlinzi wa lango, mara anakuwa mbuzi wa mtemi. Na akifika mahali ambapo roho imekupanda kooni, anajifuta jasho kwa upindo wa kanga na kusema, "Leo inatosha." Hapo umsihi, umtukane, hatikisiki. "Haraka zako hizo, Zamda," ananiambia, "siku ya harusi yako utamtangulia bwana harusi kufika kwao." Alitufikisha mahali kisima kimekauka, na mwanamke mmoja aitwaye Nyanzobe ameonekana alfajiri akitambaa kando ya ukuta. Akasema leo inatosha. Jumapili iliyofuata hakuja. Homa, tukaambiwa. Tukaenda kumwona hospitali, akacheka, akasema akitoka atatumalizia. Hakutoka.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa na mwisho, na mwisho naujua. Lango linafunguliwa, askari wanaingia, mzee mpiga ngoma anakufa ameiinamia ngoma yake, na Nyanzobe anafungwa kwenye nguzo ya lango. Watu wa boma wanamwita mpelelezi, wanamtemea mate, naye hasemi neno. Kwa nini hasemi? Alfajiri ile alikwenda wapi? Alitusaliti kweli, au alionewa? Yote hayo yako katikati, na katikati iko nyumbani kwa mama yake Anifa.

"Nenda kakichukue," ndivyo alivyoniambia Kulwa jioni ile. "Mtihani Jumatatu. Wewe ndiye rafiki yake."

"Nikamwambie nini mama mfiwa? Pole na msiba, naomba sura ya tisa?"

"Basi shika mwongozo tukariri, yaishe."

Mwongozo ni vile vijitabu vinavyokutafunia riwaya, wewe kazi yako kumeza. Nikafungua palipoandikwa wahusika. Nyanzobe: msaliti, mbinafsi, hafai kuigwa. Basi, mstari mmoja. Mtu amekaa ndani ya boma na njaa yake, amefungwa nguzoni, halafu anapewa mstari mmoja! Nikasema hiki sikariri. Kulwa naye akainuka na lake la mwisho. "Arobaini ni Jumamosi," akasema. "Vitu vya marehemu vitagawiwa. Na mama yake anauza karanga, Zamda. Karanga zinafungwa kwenye karatasi."

Nilimrushia chaki ya kuchoria vitambaa. Ilimpata begani, akaondoka bila kuaga.

Kwa kweli sikuogopa aibu tu. Niliogopa ile sura. Anifa na mama yake walikuwa kitu kimoja, pua ile ile, na ule mwanya wa mbele. Tangu matanga yalipoanuliwa nilikuwa nazunguka njia ya sokoni nisipite kwao.

Nikajilaza na mwongozo kifuani. Joto la Tabora wakati ule halina adabu, shuka unalitupa na bado unavuja jasho. Nikaona potelea mbali, nikariri hivyo hivyo. Msaliti, mbinafsi, hafai kuigwa. Msaliti, mbinafsi. Sijui usingizi ulinichukua kwenye neno lipi.

Nikajiona niko dukani, mchana kweupe, nakanyaga cherehani. Ninachoshona si sare za shule. Ni makoti ya askari, ya kaki, mkono wa koti ukiisha unakuja mwingine, na mwingine, wala sioni mwili wa koti uko wapi. Nje kimya. Na Tabora mchana haina kimya, hata kuku wetu ni wapiga kelele. Nikainua kichwa. Pale ulipokuwa mlango wa duka pamesimama lango la magogo, limekomewa, na ukuta wa udongo umezunguka kushoto na kulia mpaka unapotelea, juu yake miiba imetandazwa. Sikushangaa hata kidogo. Kilichoniudhi ni kwamba uzi umenikatikia.

Nilipoinama kuutafuta uzi, cherehani haipo. Nimesimama uwanjani. Jua limekaa utosini na vumbi halina hata unyevu wa mate.

Kulwa yuko langoni. Amevaa koti lake lile lile la kulindia ghala, ila mkononi ana mkuki badala ya rungu. "Umechelewa," ananiambia.

"Nimechelewa nini?"

Ananionyesha kwa kidevu. Watu wamekaa chini, wengi, wameegemea ukuta, na katikati yao kisima kimeachwa wazi kama kinywa cha mgonjwa. Wanawake wana mitungi mitupu mapajani. Watoto wapo, lakini hawalii. Hilo ndilo lililonitia hofu, watoto wengi vile na hakuna hata mmoja anayelia.

Na nje ya ukuta kuna nyayo. Zinazunguka. Zinakwenda upande huu, zinasimama, zinarudi. Hakuna anayeziona lakini kila mtu anageuza kichwa kuzifuata. Nami nikaanza kugeuka nazo, nageuka, nageuka.

Mzee mmoja ananiita kwa mkono. Ana ngoma mapajani. Nimemjua kabla hajafungua mdomo. Nimemsoma. Nimempigia mstari kwa kalamu nyekundu. Najua atakufa wapi na ameinamia nini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Wewe umetoka mwisho."

"Mimi nimetoka dukani, babu."

"Umetoka mwisho. Hebu tuambie. Tunapona?"

Uwanja mzima umeniangalia. Mama mmoja amemfunika mtoto masikio, kisha amebadili mawazo na kumfunua. Nataka kusema mtapona. Neno ni jepesi, hata wauguzi huwa wanalisema. Lakini nikiiangalia ile ngozi ya ngoma naona tayari pana baka pale kifua chake kitakapoangukia.

"Sijui," nikasema.

"Anajua," akasema yule mama. Hakupandisha sauti.

"Anajua na hasemi," akasema mwingine.

Lo, maneno yale yalivyotembea! Yalipita ukutani mtu kwa mtu, yakazunguka kama zile nyayo za nje, na yaliponirudia yalikuwa yamebadilika. Mpelelezi. Wanasema mpelelezi. Nikamgeukia Kulwa anitetee, ananijua, tumekula naye mihogo chungu kimoja. Kulwa amesimama wima kama anatoa taarifa. "Ni yeye," anasema. "Nilimwona kwa macho yangu, alikata kitabu kwa mkasi wa kitambaa."

"We Kulwa! Na wewe si ulishika taa?"

Haikusaidia. Wamenishika. Hawana nguvu, njaa imewamaliza, mikono yao mikavu kama mabua, lakini ni mingi. Wananifunga kwenye nguzo ya lango kwa uzi mweupe. Uzi wangu mwenyewe, nausikia kwa ngozi kwamba ni ule niliokishonea kipande changu. Nikapiga kelele kwamba nimekosa nini, mimi nimesoma tu, aliyesoma ana kosa gani? Kadiri nilivyosema ndivyo walivyotikisa vichwa, kana kwamba kila neno langu wanalifunga fundo. Mwishowe nikanyamaza. Na nilipokwisha kunyamaza ndipo nikamkumbuka Nyanzobe, nikaona nguzo ni ile ile, na aliyefungwa ni mimi. Nilipatwa na uchungu ambao sijui niueleze vipi. Nilimlilia yeye, nikajililia na mimi, na kamasi sina mkono wa kuzifuta.

"Umekonda, Zamda."

Sikumwona alipofika. Amekaa chini ya nguzo, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anamenya karanga. Amevaa dera la zambarau, lile la Idi, na kanga begani. Amenipa ubavu, lakini ubavu ule ningeutambua hata gizani. Makapi anayapuliza, pfuu, yanaruka na kupotea kabla hayajagusa chini.

Bibi yangu mzaa mama alitufundisha wote tukiwa wadogo: maiti akikuita ndotoni usiitike, akikupa chakula usile, akiondoka usimfuate. Nililikumbuka hilo. Nikabana meno. Kisha nikamwona anavyocheka peke yake na ule mwanya wake, na mafunzo yote ya bibi yakaruka na makapi.

"We Anifa! Yaani unakuja kukaa hapo kumenya karanga, na mimi nimefungwa?"

"Nani kakufunga?"

"Hawa!"

Aliangalia. Nami nikaangalia. Uwanja mtupu. Mitungi iko, ngoma iko, watu hawapo. Uzi uko pale pale mikononi mwangu lakini mwisho wake nimeushika mwenyewe.

Akaendelea kumenya. Sikuwahi kumwona mtu ametulia vile, na utulivu wake ukanizidishia wazimu. Nje nyayo zimekaribia, sasa ni nyingi, na zinapiga kama cherehani ikiendeshwa kasi, ta-ta-ta-ta, na mimi najua ni nini kinafuata, maana sura zangu zinaanzia hapo. Lango likifunguliwa tu tumekwisha.

"Anifa, wanakuja. Niambie upesi. Nani alifungua lango? Nyanzobe alikwenda wapi?"

Akachukua karatasi, akaizungusha vidoleni kama mama yake, ikawa pembe, akajaza karanga, akanyoosha mkono. Nikaona maandishi. Nikaona, Mungu wangu, uzi mwekundu ukining'inia pembeni mwa ile karatasi. Njaa ya karanga sina, nina njaa ya ile karatasi, naisogelea kwa macho maana mikono haisogei. Nyan, nikasoma. Nyanzobe ali. Halafu herufi zikaanza kutembea kama siafu waliomwagiwa maji, zikaingia ndani ya pembe, zikajificha chini ya karanga. Anifa akafumba mkono.

"Si zako hizi," akasema. "Zina mwenyewe."

Sikumbuki kusimama, lakini tunatembea. Tunatembea kando ya ukuta, ule ule alikotambaa Nyanzobe, Anifa mbele mimi nyuma, na nakumbuka nilijiambia, haya, sasa unamfuata, bibi alisemaje? Miguu haikusikia. Ukuta ni wa udongo, kisha ni wa udongo na bati, kisha ni bati tupu lililochakaa, na mimi nalijua lile bati. Pana tobo ambalo tulikuwa tunapitia tukichelewa kurudi. Ni uzio wa nyumbani kwao.

Nje ya uzio wamekaa askari. Wamezunguka nyumba nzima. Makoti ya kaki, yale niliyokuwa nayashona, yana mikono tu na mikono. Wamekalia viti vya plastiki vya msibani, na wametupa migongo. Mmoja anainuka, anapanga kiti juu ya kiti, anaondoka. Mwingine anainuka, anapanga kiti. Wanaondoka wote mmoja mmoja mpaka vimebaki viti tu, minara ya viti imezunguka uzio, na bado hakuna mtu anayeingia wala anayetoka. Nikasubiri mtu apite aseme hodi. Njia nyeupe, tupu.

Nikachungulia tobo. Mama Anifa amekaa uani, anakaanga karanga kwa mchanga, anakoroga. Moto umezimika zamani, naona majivu meupe, na yeye bado anakoroga. Anakoroga na kuinua kichwa kuangalia mlangoni. Anakoroga, anainua kichwa.

"Mbona hakuna mtu?" nikamuuliza Anifa. Sauti imenitoka kidogo.

"Walikuja kuzika. Wameshazika."

"Na ndugu?"

"Mama amezingirwa, Zamda," akasema, na kwa mara ya kwanza akanigeukia uso mzima. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na uso wake wa Jumapili. "Ingia."

"Siwezi. Nitamwambia nini?"

"Usimpe pole. Pole zimemjaa nyumba nzima, hana hata pa kukaa. Msomee kipande changu."

Nikamshika dera. Najua hairuhusiwi, nikalishika, na kitambaa kilikuwa kitambaa kweli, nikasikia hata upindo niliompigia mwenyewe siku ile ya mkesha wa Idi. "Nina mtihani Jumatatu!" nikamwambia. "Nikianguka tena nimekwisha, unajua nimekwisha. Niambie wewe, neno moja tu. Ni msaliti au si msaliti?"

Anifa akacheka. Akachukua upindo wa kanga, akajifuta jasho lililokuwa halipo.

"Leo inatosha," akasema.

Nilipiga kelele ya hasira, ile ile ya kila Jumapili, nikavuta dera kwa nguvu zangu zote, na uzi ukakatika.

Nikaamka nimekaa. Shuka liko sakafuni na mwongozo umelowa jasho, jalada limenigandia kifuani nikalibandua kama plasta. Muadhini alikuwa anaita. Mkono wangu wa kulia umefumba kwa nguvu, nikauogopa, nikaufumbua kidole kimoja kimoja. Hamna kitu. Nililia, sitaki kudanganya, nililia mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamjibu nimejigonga. Na kichwani maneno ni yale yale, hayakuyeyuka kama yanavyoyeyuka ya ndoto nyingine: usimpe pole, msomee.

Kulipokucha vizuri nikajifunga kanga, nikapita njia yao. Duka sikulifungua.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu." Sauti ilijibu upesi mno, kama ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, pita ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Uani palikuwa pamefagiwa, na fagio limefagia mpaka mawe. Juu ya sinia karanga zimeshafungwa pembe pembe, zimejipanga. Mtume! Macho yakanitoka. Hata kukaa sikukaa, nikaiokota pembe moja, nikaifumua, karanga zikamwagika kila mahali. Hesabu za kugawanya, mwandiko wa mtoto. Nikafumua ya pili. Hesabu. Mama Anifa ananiangalia tu, mwiko mkononi.

"Unatafuta uzi mwekundu," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na kanga ya Anifa imefungwa fundo, akalifungua. Kipande kile, chote, hata sikio la ukurasa halikukunjika.

"Mimi kusoma sijui," akasema, "lakini najua kitu kilichoshonwa hakifungiwi karanga. Alikuwa akikisoma kitandani pale mpaka muuguzi anazima taa. Namuuliza, kinasema nini? Anasema, nikitoka nitakusimulia, mama." Akakaa kwenye kigoda. "Wanakuja hapa, pole mama, pole mama, wanaangalia saa. Arobaini yenyewe wananiuliza wapishi wangapi. Hakuna aliyeniuliza habari ya kitabu. Wewe nani kakutuma?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema nimepita tu. Lakini ile pua, na ule mwanya, vilinitazama karibu mno.

"Anifa," nikasema. "Jana usiku."

Mwiko ukatulia mkononi. "Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka. Alivaa dera la Idi."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Kisha akanisogezea mkeka. "Soma."

Nikasoma. Nilitaka kukimbia, nilitaka kurukia pale kwenye shida yangu, lakini yeye kila mara ananisimamisha. Mtemi huyo ana wake wangapi? Hicho kisima kilichimbwa na nani? Huyo mbuzi waliachaje kumchinja? Nikajikuta nafanya sauti ya mlinzi wa lango kama alivyokuwa akiifanya Anifa, vibaya, bila kipaji, na Mama Anifa akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena. Jua likapanda. Tukafika kisimani. Tukafika ukutani, alfajiri, Nyanzobe anatambaa na kibuyu kiunoni, ndani yake konzi ya uwele aliyojinyima mwenyewe. Anapita kwenye tobo la maji machafu. Nje kuna moto wa askari, naye anaupita kwa tumbo, haendi kwa askari. Anakwenda kwenye kibanda kilichobaki nje siku lango lilipokomewa, ambamo mama yake mzazi, asiyeweza kutembea, alisahaulika.

Nikageuza ukurasa haraka nijue kilichotokea, nani alimwona, nani alilifuata tobo lile. Mkono wa Mama Anifa ukaja, wa joto, una harufu ya karanga, ukatua juu ya karatasi na kuifunika.

"Leo inatosha," akasema.

"Mama, nina mtihani Jumatatu!"

"Mtihani unao, na mimi nina kesho. Ukizimaliza zote leo, kesho utakuja kufanya nini?"

Nikafunga kipande. Nikaokota zile karanga nilizomwaga, tukazila.